Bomu la Agosti Saba Lilivyotufuata Hadi Majengo

Nairobi niliyokulia, kabla ubalozi wa Marekani haujalipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, ilikuwa na milango wazi. Mtu alitoka Majengo kwa miguu, akapita Gikomba, akashika barabara ya Landhies hadi soko la Wakulima, ambalo sisi tuliliita Marikiti, kisha akafuata barabara ya Haile Selassie mpaka inapokutana na Moi Avenue, na katika safari hiyo yote hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi wala amebeba nini. Sisi vijana tuliingia katika majumba marefu kwa ajili ya kupanda lifti tu. Tulifika juu, tukautazama mji, tukashuka. Ubalozi wa Marekani ulisimama papo hapo pembeni mwa Moi Avenue na Haile Selassie, ukuta wake hatua chache kutoka njia ya wapita kwa miguu, na wale waliokuwa wakikimbilia garimoshi au matatu za Railways waliupita bila hata kugeuza shingo. Habari za mabomu tulizisikia kwa wazee, waliokumbuka jinsi hoteli ya Norfolk ilivyolipuliwa mwishoni mwa mwaka 1980. Kwetu hilo lilikuwa jambo la zamani, lililokwisha.

Mwaka 1998 nilikuwa na umri wa miaka 19, nikijifunza kompyuta katika chuo kidogo kilichokuwa Tom Mboya Street. Nililelewa na shangazi yangu pale Majengo, na binti yake, ambaye kwangu ni dada kuliko binamu, alikuwa amekwisha kumaliza kozi ya uhazili katika chuo kilichokuwa ndani ya Ufundi House na kupata kazi ya muda ya kupiga chapa katika ofisi moja ya Co-operative House, jumba refu lililokuwa jirani kabisa na ubalozi. Asubuhi tulitembea pamoja ili kuokoa nauli. Jioni tulikutana mbele ya Kenya Cinema, na ikiwa mshahara umetoka tulipitia River Road kununua kanda ya muziki, au tulipanda matatu ya namba 58 ya Buruburu, ambako hatukuwa na shughuli yoyote, kwa sababu tu gari hilo lilikuwa limechorwa vizuri na spika zake zilikuwa na mdundo uliotikisa viti. Nayaeleza haya kwa sababu watoto wetu wanaposikia habari za Agosti Saba huonyeshwa vifusi na damu peke yake, wala hawaonyeshwi kilichokuwapo kabla yake. Tulikuwa na mji, nao ulikuwa wetu.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, na mlipuko ulitokea baada ya saa nne na nusu asubuhi. Yaliyotokea kwenye maegesho ya nyuma ya ubalozi tulikuja kuyajua baadaye, hasa kutokana na kesi iliyosikilizwa New York mwaka 2001. Lori lililobeba baruti lilifika langoni, walinzi Wakenya wasiokuwa na silaha wakakataa kulifungulia, na mmoja wa wale waliokuja na lori akashuka na kurusha guruneti la kushtua. Mshindo huo wa kwanza haukuwa mkubwa wa kubomoa nyumba, lakini ulisikika katika ofisi zote za jirani, na watu wakafanya kile ambacho binadamu yeyote angefanya: waliinuka kwenye viti wakaenda madirishani kutazama. Muda mfupi baadaye lori likalipuka. Binamu yangu alikuwa dirishani, mkono wake ukiwa umeshika pazia.

Kama kuna jambo moja ningependa kila msomaji alitoe katika simulizi hii na kulifundisha nyumbani kwake na kazini kwake, ni hilo la dirisha. Wengi kati ya waliopoteza macho Nairobi hawakuangukiwa na jengo. Walikatwa na vioo vya madirisha waliyoyaendea kwa miguu yao wenyewe. Ukisikia mshindo usioujua, au milio ya risasi, ondoka penye kioo upesi, nenda nyuma ya ukuta wa ndani au kwenye korido, lala chini na uufunike uso kwa mikono. Udadisi ungoje. Januari 2019, magaidi waliposhambulia hoteli ya Dusit, binamu yangu alikuwa Westlands kikazi, na walipotajiwa kwamba kumesikika mshindo upande wa Riverside, yeye asiyeona ndiye aliyewaamuru wenzake wenye macho waondoke dirishani.

Mimi nilikuwa darasani. Sakafu ilitikisika, vioo vya upande wa barabara vikamwagika juu ya meza, na masikio yangu yakazibwa na mlio mmoja mwembamba ambao mpaka leo haujaniacha kabisa. Tulishuka ngazi tukisukumana. Nje karatasi zilikuwa zikianguka kutoka angani: barua, risiti, kurasa za vitabu vya hesabu, nyingine zimeungua pembeni. Moshi mweusi ulikuwa umesimama upande wa Haile Selassie, na watu walikuwa wakikimbia pande zote mbili kwa wakati mmoja, wengine wakiukimbia moshi na wengine, mimi nikiwa mmojawapo, wakiuendea, kwa kuwa huko ndiko walikokuwa watu wetu.

Niliyoyaona pale sitayasimulia yote. Ufundi House ilikuwa imelala chini yote, sakafu juu ya sakafu, na chuo chake cha uhazili kikiwa humo pamoja na wasichana waliokuwa wamempokea binamu yangu madawati. Basi lililokuwa likipita lilikuwa likiwaka moto. Co-operative House ilikuwa imesimama, lakini haikubakiwa na kioo. Kabla hawajafika wataalamu wowote, watu waliokuwa wakichimba kifusi walikuwa mafundi wa jua kali, wachukuzi kutoka Marikiti, makanga, makarani waliovaa tai, wote kwa mikono mitupu, na matatu zilikuwa zikibeba majeruhi kwenda hospitalini bila mtu kuulizwa nauli. Baadaye zililetwa kreni za makampuni ya ujenzi, kisha kikosi cha Waisraeli na mbwa wao wa kunusa, na uokoaji ukaendelea kwa siku kadhaa, huku nchi nzima ikifuatilia redioni habari za mama mmoja aliyesikika akizungumza chini ya kifusi cha Ufundi House na ambaye alifariki kabla ya kufikiwa. Kwa kweli naujivunia mji wangu kwa mchana ule. Nawajibika kusema pia kwamba umati uliojaa pale ulizuia machela kupita, na kwamba laiti kungelikuwa na bomu la pili lililotegwa, maelfu tungelikufa. Ukiwa huna ujuzi wa kuokoa na hujaombwa kusaidia, mahali pako ni mbali na hapo.

Binamu yangu sikumpata. Mlinzi mmoja aliniambia kwamba waliokuwa ghorofa zile walikwisha kuteremshwa na kupakiwa katika magari yoyote yaliyokuwapo, na hakuna aliyeandika nani amepelekwa wapi. Simu za mkononi wakati ule zilikuwa za wachache, na za vibandani zilikuwa hazishiki. Nilirudi Majengo kwa miguu kumwambia shangazi, naye alikuwa amekwisha kujua, kwa sababu mshindo ulisikika mpaka kwetu na sufuria zikatikisika kwenye kabati.

Msako ule wa Ijumaa na Jumamosi ulinifundisha mambo ambayo nimewapa wengine tangu hapo, katika mashambulizi ya magaidi kwenye jumba la maduka la Westgate mwaka 2013 na chuo kikuu cha Garissa mwaka 2015. Usiende hospitali zote ukiwa peke yako. Gaweni hospitali, na mmoja abaki nyumbani kupokea habari. Beba picha, na uandike kwenye karatasi mavazi ya mtu wako ya siku ile, makovu, meno, nywele zilivyosukwa. Usitosheke kuuliza kwa jina. Jina huandikwa na karani aliyechoka, likitajwa na mgonjwa anayevuja damu mdomoni au na msamaria aliyelisikia vibaya, na hospitali moja tuliyokwenda mara ya kwanza ilitujibu kwamba haina mtu wa jina hilo, tukaondoka, ilhali alikuwa wodini ghorofa ya juu kwa jina la mtu mwingine kabisa. Ulizia orodha ya wasiojulikana, ulizia pia waliohamishiwa kwingine, na uombe kwa adabu kupita kitanda kwa kitanda. Mochari nayo isiachwe kwa hofu. Aliyekwenda mochari upande wetu ni mjomba wa binamu yangu, mtu mzima mwenye moyo mgumu, na tulikubaliana kwamba shangazi asipelekwe huko bila sababu. Huo ulikuwa uamuzi mwema.

Aliyemtambua ni mama yake. Wiki iliyotangulia kulikuwa na harusi Majengo, na shangazi mwenyewe ndiye aliyempaka hina. Tulipofika kwenye kile kitanda tulimkuta msichana aliyefungwa bendeji kuanzia shingoni hadi utosini, amevimba kiasi kwamba hata umbo lake halikuwa lake, na karani alikuwa ameanza kutuambia kwamba huyu ana jina jingine, tunasumbua mgonjwa. Shangazi hakumjibu. Aliunyanyua mkono wa kushoto uliokuwa juu ya shuka, akaugeuza, akalitazama ua la hina kwenye kiganja, ambalo ukingo wake mmoja ulikuwa umeharibika kwa sababu bibi harusi alimgusa kiwiko wakati akilichora. Akasema, “Huyu ni wangu.”

Waliokufa Nairobi walikuwa 213, na 12 kati yao ni Wamarekani. Dar es Salaam, ambako ubalozi wa Marekani ulilipuliwa dakika chache tofauti na wetu, walikufa watu 11. Waliojeruhiwa Nairobi walizidi 4,000. Ni hao waliojeruhiwa ninaotaka kuwazungumzia, maana kwao tukio lile halikwisha walipofukua kifusi.

Jicho la kulia la binamu yangu liliondolewa siku zile zile za mwanzo. La kushoto lilifanyiwa upasuaji mara kadhaa, pamoja na ule wa hospitali ya macho ya Kikuyu, ambako walimhudumia kwa upole mkubwa, na mwisho likabaki na uwezo wa kutofautisha mwanga na giza tu. Daktari mmoja alitueleza kwamba msamaria aliyemshusha ngazi alijaribu kumpangusa uso kwa kitambaa. Alifanya kwa huruma, na sina ubaya naye, lakini wasomaji wajue: jicho lililoingiwa na kioo halipanguswi, halisuguliwi, wala kipande hakichomolewi. Likingwe kwa kitu kisicholigusa, hata kikombe cha karatasi kilichofungwa juu yake, na mgonjwa akimbizwe hospitali.

Vioo havikutoka vyote. Miaka mitatu baadaye shangazi alikuwa akimsuka nywele, kitana kikakwama, na alipopapasa akakuta kitu kigumu chini ya ngozi ya kichwa. Kilitoka kidogo kidogo kwa siku nyingi mpaka kikawa kibanzi cha ukubwa wa mbegu ya tikiti. Vingine vilifuata, kwenye paji la uso na begani. Hilo ni jambo la kawaida kwa waliokatwa na vioo vya mlipuko, wala si uchawi kama baadhi ya majirani walivyonong’ona. Anayeona uvimbe au kuhisi kuchomwachomwa mahali palipopona zamani aende apigwe picha, na aeleze kwamba alikuwa katika mlipuko, kwa kuwa daktari kijana wa leo hawezi kukisia.

Kuhusu gharama nitasema wazi. Matibabu ya siku za mwanzo hatukulipia, na baadaye serikali ya Marekani ilitoa fedha za matibabu zaidi, karo za watoto wa waathiriwa na ukarabati. Lakini hakuna mradi unaolipa nauli ya mama anayekwenda wodini kila siku, wala mshahara uliokatika, wala dawa za matone zilizoisha kabla ya tarehe ya kliniki. Jicho la bandia nalo si la kununua mara moja likaisha. Tundu la jicho hubadilika, jicho huanza kulegea au kukwaruza, na baada ya miaka kadhaa linahitaji kubadilishwa. Shangazi aliuza cherehani yake, ambayo ndiyo iliyotulisha. Miradi ilipofungwa, macho hayakufunguka.

Kilichotugharimu zaidi ya fedha kilikuwa ni muda. Kwa karibu miaka miwili nyumba nzima iliishi ikingoja kwamba patatokea daktari, pengine India, pengine Afrika Kusini, atakayelirudisha lile jicho la kushoto, na katika kungoja huko tulikataa kumruhusu binamu yangu ajifunze chochote cha wasioona. Tuliona kwamba kushika fimbo nyeupe ni kukata tamaa. Alikaa ndani, mtu aliyekuwa akipiga chapa kwa kasi kuliko darasa lake zima, akisubiri kuongozwa hadi msalani. Wahudumu wa ushauri nasaha walikuja, tukawapa chai na kuwaaga. Ni yeye mwenyewe aliyelivunja jambo hilo. Jioni moja alitwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kama hatutampeleka Machakos, kwenye chuo cha ufundi cha wasioona, ataondoka na jirani. Alikwenda. Alijifunza Breli, akajifunza kutembea peke yake kwa fimbo na kupokea simu kwenye kituo cha simu za ofisi, na vidole vyake vikakumbuka mashine ya chapa bila msaada wa macho. Alipata kazi, akaolewa, akazaa. Kwa hiyo nikiulizwa na familia yenye mtu aliyepoteza uwezo wa kuona, huwaambia waendelee kutafuta tiba kadiri daktari anavyoshauri, lakini mafunzo yaanze mwezi huo huo, kwa kuwa hakuna tiba inayozuiwa na mtu kujua kutumia fimbo.

Na mimi? Mimi nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na mikwaruzo mikononi, na kwa sababu wenye majeraha walikuwa wengi sikuona haki ya kumsumbua daktari. Jumatatu iliyofuata watu walikuwa wamekwisha kurudi makazini. Nairobi ina desturi hiyo, inafagia na kuendelea, na uzuri wake ni kwamba tajiri wala gaidi hawezi kuisimamisha. Ubaya wake ni kwamba humwaibisha yule ambaye hajaweza kuendelea. Tairi la lori likipasuka Landhies, nilijikuta nimelala chini katikati ya wachuuzi. Usiku sikulala. Niliacha kwenda Kenya Cinema, nikaacha muziki, na kwa muda mrefu sikuweza kukaa katika chumba chenye dirisha kubwa bila kutafuta ukuta wa kuegemea. Wenzangu wa rika lile walifanya hivyo hivyo kwa namna zao; wapo walioingia katika pombe, wapo walioingia katika dini kwa hofu, wapo waliohamia mashamba. Ujana wetu ulikatishwa na hakuna aliyetuambia kwamba hicho nacho ni kidonda.

Waliokuja kutuambia baadaye walikuwa madaktari na washauri nasaha wa Kenya walioandaa vikundi vya kuzungumza kwa ajili ya manusura. Nilipelekwa na mwenzangu wa chuoni, nikakaa nyuma karibu na mlango, na kwa vikao vya mwanzo sikufungua mdomo. Kilichonisaidia hakikuwa maneno ya hekima. Ilikuwa kumsikia mzee mmoja, karani wa reli, akieleza kwamba naye hulala na viatu miguuni ili awe tayari kukimbia. Nilikuwa nikidhani nimeanza kurukwa na akili, kumbe ni jambo lenye jina, sababu na tiba. Mwezi mmoja ukipita baada ya mkasa na bado hulali, unashtuka ovyo, au unaikwepa sehemu fulani ya mji, nenda ukaonane na mshauri au daktari wa akili, hata kama hukukwaruzwa. Na masikio yapimwe mapema. Yangu yalipimwa miaka mingi baadaye, ikaonekana la kulia halisikii sauti za juu, na kwa kuwa hapakuwa na cheti cha mwaka 1998 hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba ni kwa sababu ya bomu.

Kuna kidonda kingine ambacho nisipokitaja nitakuwa sijasema kweli. Sisi ni Waislamu. Ijumaa ile imamu wetu wa Majengo alitangaza kwamba hospitali zinahitaji damu, na vijana wakatoka msikitini wakaenda kupanga foleni wakiwa na kanzu zao. Waislamu walikufa Haile Selassie, na kati ya waliozikwa wiki ile walikuwamo majirani zetu. Ilipojulikana kwamba waliofanya kitendo kile ni wa al-Qaeda, lawama ilishuka juu ya kila aliyevaa kofia. Polisi waliingia Eastleigh na kwetu usiku. Mwezi uliofuata serikali ilifuta usajili wa mashirika kadhaa ya misaada ya Kiislamu. Nami nilikuwa ndani ya matatu na binamu yangu, tukitoka kliniki, yeye amevaa buibui na bendeji bado ziko machoni, pale abiria mmoja aliposema kwa sauti kwamba watu hawa walete mabomu kisha wapande magari yetu. Binamu yangu alimgeukia upande ilikotoka sauti, akanyanyua bendeji ya jicho la kulia, akamwacha atazame. Gari zima lilinyamaza mpaka Muthurwa. Nawaomba wanaopitia mkasa wa aina hii popote, kabla hawajamnyoshea mtu kidole kwa mavazi yake, wajiulize kama si yeye aliyechimbuliwa kifusini.

Mji ulibadilika, na sehemu ya mabadiliko hayo vijana wa leo hawawezi kuyaona kwa kuwa wamezaliwa wakayakuta. Mlinzi kwenye kila mlango, kifaa cha kukagua vyuma, kioo cha kutazama uvungu wa gari, mapipa ya saruji mbele ya ofisi, daftari la kuandika jina na namba ya kitambulisho: haya yote yalianza kutuingia baada ya 1998 na yakakaza kamba baada ya Westgate. Ubalozi ulihamia Gigiri mwaka 2003, ndani ya uwanja mpana wenye kuta, mbali na wapita njia. Ofisi nyingi zimehamia Upper Hill na Westlands. Mahali ulipokuwa ubalozi pana bustani ya kumbukumbu iliyofunguliwa mwaka 2001, yenye ukuta wa majina ya waliokufa, na kila mwaka tarehe 7 Agosti tunakusanyika hapo. Siku nyingine vijana huingia kwa kiingilio kidogo, wakakaa nyasini kula chakula cha mchana na kupiga picha. Wapo manusura wanaoudhika. Mimi siudhiki, ningependa tu kila anayeingia asome hata majina machache, na mzazi anayempeleka mtoto amweleze kwamba hawa walikuwa wahazili, wachuuzi, walinzi na wapita njia, waliokuwa wakienda mjini kwa mambo yao.

Nimalizie na karatasi, maana hapo ndipo wengi walipopotelea. Kwa miaka tulisikia kwamba fidia inakuja. Watu waliojiita mawakala walipita mitaani wakikusanya ada ya kuandikisha majina “huko Marekani”, na wengi walitoa, hawakuona kitu. Wakili wa kweli hukupa mkataba na risiti, na jina lake huthibitishwa katika Chama cha Mawakili. Asiyeweza kutoa vitu hivyo asipewe hata shilingi. Sudan, iliyoshtakiwa kwa kuwapa hifadhi al-Qaeda, ilikubali kulipa dola milioni 335 katika mapatano yaliyokamilishwa baada ya Bunge la Marekani kuyapitisha Desemba 2020. Fedha hizo zililenga raia wa Marekani na waliokuwa wafanyakazi wa ubalozi. Mkenya aliyekuwa ofisini kwake upande wa pili wa ukuta hakuhesabiwa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya Kenya ya mwaka 2012 inataja mfuko wa fidia kwa waathiriwa wa ugaidi, na katika miaka ya karibuni Seneti imeunda kamati maalumu ya kuwasikiliza waathiriwa wa 1998. Mlango haujafungwa, lakini kila anayeugonga huulizwa karatasi.

Shangazi hakusoma sana, ila tangu siku ya kwanza aliweka kila kipande katika mkebe wa biskuti: kadi ya wodi, ripoti za upasuaji, risiti za dawa, picha za uso ule kabla haujapona, barua ya chifu. Anayepatwa na mkasa leo aongeze namba ya OB, yaani ya daftari la matukio, kutoka kituo cha polisi, fomu ya polisi ya P3 ya kuthibitisha majeraha iliyojazwa na daktari, barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba alikuwa kazini saa ile, na nakala za vyote kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine. Jina likiwa limekosewa, lirekebishwe mapema kwa hati ya kiapo. Sisi tulifanya hivyo kwa kadi iliyoandikwa jina lisilo lake, na wakili alituambia kwamba bila kiapo kile, kilichoandikwa watu walioshuhudia wakiwa bado hai, faili zima lingetupwa. Maelezo ya binamu yangu tumekwisha kuyawasilisha pamoja na nakala hizo. Jibu bado hatujalipata, na mkebe sasa unakaa kwake, kwa kuwa shangazi ametangulia mbele ya haki.